Sanduku la spea za mjomba: kipi ni nini, na kipi bado kizima?

Swali limetoka kwa kijana wa Walukuba, Jinja. Anaandika hivi:

"Mzee fundi, salamu nyingi. Mjomba wangu alikuwa akitengeneza redio hapa Walukuba, na alipofariki nikaachiwa sanduku lake la spea. Ndani kuna vijichupa vyeusi vya miguu mitatu vilivyoandikwa OC71, vikopo vya AF117 vyenye miguu minne, valvu za EL84 na DK96, kapasita za nta, rezista zisizo na mistari, na vingine vimefutika maandishi kabisa. Ipo pia redio kubwa ya valvu ambayo haijawashwa tangu nikiwa mtoto. Mimi nina multimita ya kidijitali tu. Nitajuaje kila kimoja ni nini, na kipi kizima? Jirani ananiambia niichomeke tu hiyo redio kwenye umeme nione."

Kijana wangu, pole kwa msiba. Jirani mwambie asante, lakini redio isichomekwe. Tutaifikia, ila kwanza sanduku.

Kabla ya kushika mita, tumia macho. Angalia miguu ya kila spea. Miguu mirefu, iliyonyooka, isiyo na risasi ya kulehemu, ni ya kitu ambacho hakijawahi kufungwa popote. Miguu mifupi yenye matone ya risasi ni ya kitu kilichong'olewa kwenye redio nyingine, na hapo ujiulize kiling'olewa kwa sababu kilikuwa kizima au kwa sababu kilikufa. Baada ya mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa na maduka mengi ya mjini kufungwa, spea ziliadimika, na mafundi wa rika la mjomba wako hawakutupa kitu. Kizima na kibovu vililala kopo moja, na mwenyewe ndiye aliyejua kipi ni kipi. Kwa hiyo ukikuta karatasi, fundo la uzi au tone la rangi kwenye spea fulani, usilifute. Huenda ndiyo alama yake.

Sasa maandishi. Valvu za Ulaya zinajieleza zenyewe. Herufi ya kwanza inataja umeme wa kupasha moto: E ni volti 6.3, D ni volti 1.4 ya betri, U ni zile zinazounganishwa kwa mfululizo na kupitisha miliampea 100. Zinazofuata zinataja kilichomo: C ni traiodi (valvu ya viungo vitatu), F ni pentodi (ya viungo vitano) ndogo, L ni pentodi ya kusukuma spika, Z na Y ni za kugeuza umeme wa ukutani kuwa wa upande mmoja. Basi EL84 ni ya redio ya umeme wa ukutani, na DK96 ni ya redio ya betri. Kukuta zote mbili katika sanduku la fundi wa Jinja si ajabu. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, watu wa mjini wakawa na umeme, lakini wateja waliotoka vijijini waliendelea kuleta redio za betri. Valvu za Marekani huanza na namba, na namba hiyo ni volti za kupasha kwa kukadiria: 6V6, 12AX7. Hiyo 12AX7 ndiyo ECC83, na 6BQ5 ndiyo EL84.

Transista za kwanza za Ulaya zilirithi mtindo huohuo. O ni kwamba hakuna cha kupasha, C ni traiodi, basi ukapata OC71. OA ni dayodi. Baadaye mpango ukabadilika: herufi ya kwanza A ikawa jerumani (germanium), madini yale ya zamani, na B ikawa silikoni. Ya pili C ni ya sauti yenye nguvu ndogo, D ya sauti yenye nguvu kubwa, F ya masafa ya redio. Ndiyo maana AC128 na AF117 ni za jerumani, na BC108 ni ya silikoni. Transista ziko za aina mbili, PNP na NPN, ambazo umeme wake huelekezwa kinyume. Wajapani wanaandika 2SA na 2SB kwa PNP, 2SC na 2SD kwa NPN, na mara nyingi "2S" haichapwi, inabaki B77 au C1815. Hapo usidanganywe na ile B ukadhani ni silikoni ya Ulaya. 2SB77 ni ya jerumani.

Zilizofutika maandishi zitasema zenyewe kwa mita. Weka mita kwenye alama ya dayodi. Jerumani inaonyesha kama 0.15 hadi 0.35, silikoni 0.55 hadi 0.75. Ukiweka waya mweusi kwenye mguu mmoja, na mwekundu ukasoma kwenye miguu yote miwili iliyobaki, umepata besi, mguu unaoamrisha, na transista ni PNP. Ikiwa ni mwekundu uliotulia na mweusi unaohama, ni NPN. Ukikuta humo sandukuni mita ya mshale ya mjomba, kumbuka nyingi za aina hiyo zinapopima ohmu waya mweusi ndio chanya, kwa hiyo majibu yatageuka.

Lakini kusoma 0.2 hakutoshi kusema transista ya jerumani ni nzima. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Multimita yako pengine ina kitundu cha kupimia ukuzaji wa transista. Ukichomeka OC71 humo inaweza kukuandikia 180 ukafurahi, kumbe sehemu kubwa ya hiyo 180 ni umeme unaovuja wenyewe bila kuamrishwa na besi. Jerumani zote zinavuja. Kinachotafutwa ni zinavuja kiasi gani.

Fanya hivi. Chukua betri ya volti 9, rezista ya 2.4K na ya 68 ohmu uziunganishe kwa mfululizo zikupe karibu 2.47K, na rezista moja ya mega 2.2. Miguu miwili isiyo besi ndiyo emita na kolekta. Kwa PNP, emita iende chanya ya betri. Kolekta ipitie hiyo 2.47K kwenda hasi. Besi iache hewani. Weka mita kwenye volti, upime juu ya ile 2.47K. Unachokiona ni uvujaji mtupu: kila volti 0.25 ni mikroampea 100 hivi. Andika namba hiyo. Sasa unganisha besi kwenye hasi kupitia mega 2.2, ambayo inaipa besi mikroampea 4 tu. Volti itapanda. Toa ile ya kwanza, zidisha kwa 100, huo ndio ukuzaji wa kweli. Kwa mfano, besi ikiwa hewani umesoma 0.30, ukaiunganisha ikawa 1.15. Tofauti ni 0.85, basi transista inakuza mara 85, na inavuja mikroampea 120. Hiyo ni nzuri, itunze. Ukianza na volti 2 besi ikiwa hewani, iweke pembeni hata kama kitundu cha mita kinaisifu.

Mambo mawili yatakuchanganya usipoyajua. La kwanza ni joto. Uvujaji wa jerumani unakaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Ukiibana transista kwa vidole utaona namba inapanda huku unaitazama. Iachie, subiri itulie, ndipo usome. Na pima zote asubuhi, kabla jua la Jinja halijapasha bati la nyumba, la sivyo za asubuhi zitaonekana nzima na za saa nane mchana zitaonekana mbovu, ilhali ni kundi moja.

La pili ni mwanga, na hili ni la OC71 hasa. Ile rangi nyeusi si urembo. Ndani ni kioo, na kipande cha jerumani kikipata mwanga kinapitisha umeme. Rangi ikichubuka hata kidogo, kuichukua transista kutoka kivulini hadi dirishani kunabadilisha namba. Jaribu: ikiwa kwenye kipimo, ifunike kwa kiganja bila kuigusa, halafu ondoa kiganja. Namba ikiruka, haijafa, imechubuka tu. Ipake rangi nyeusi nzito. Kwenye OC71 doa la rangi liko upande wa kolekta, besi iko katikati.

AF117 zina ugonjwa wao, pamoja na ndugu zake AF114, AF115 na AF116. Mguu wa nne hauhusiani na transista, umeshikana na kopo ili kuzuia mwingiliano wa mawimbi. Shida ni kwamba ndani ya kopo huota nyuzi za bati, nyembamba kuliko unywele, zikakua polepole hadi zigusane na transista iliyomo. Zinaota hata transista ikiwa haijawahi kutumika, kwa hiyo miguu mirefu inayong'aa si dhamana hapa. Weka mita kwenye ohmu, waya mmoja kwenye mguu wa kopo, mwingine ukaguse mitatu iliyobaki mmoja mmoja, kisha ugeuze waya urudie. Mita isome kitu chochote, uzi umeota. Ikiwa ni mguu mmoja tu uliogusana na kopo, transista bado inafaa: ifungie redioni huku mguu wa kopo ukiwa umekatwa. Ikiwa ni miwili, kopo limeiunganisha miguu hiyo, na kukata hakusaidii. Wapo mafundi wanaozichoma hizo nyuzi kwa kapasita iliyojazwa umeme. Inafanya kazi, ila zinaota tena, na mimi sioni raha ya kumrudishia mteja redio itakayonirudia.

Kapasita za nta. Hizi ndizo ninazotaka uzichukulie kwa uzito, kwa sababu ndizo zinazounguza redio huku mita ikisema ziko salama. Ndani ni karatasi, na karatasi hunywa unyevu. Mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria hauna uhaba wa unyevu. Ukipima kwa ohmu, mita ya kawaida itakuambia hakuna njia kabisa, maana nyingi hazioni zaidi ya mega 2 au 20. Sasa fikiria kapasita inayopitisha sauti kwenda kwenye gridi ya EL84, sehemu inayoamrisha mkondo wa valvu. Upande mmoja ina volti 200, upande wa pili kuna rezista ya mega 1 kwenda chasisi, yaani bodi ya chuma ya redio. Ikivuja kwa mega 20 tu, gridi inapata volti 9 na nusu chanya. EL84 inahitaji gridi iwe kama volti 7 chini ya kathodi, sehemu inayotoa elektroni. Valvu itapitisha mkondo hadi bamba lake liwe jekundu, na transfoma ya spika iungue, na hiyo ndiyo spea ngumu kuliko zote kuipata leo.

Njia ya kuikamata bila hatari ni kutumia mita yenyewe kama rezista. Unganisha kwa mfululizo betri ya volti 9, kapasita, na mita ikiwa kwenye volti za DC. Ikiwa kapasita ni nzima, namba itaruka kisha ishuke hadi sifuri. Ikigoma kushuka, inavuja, na unaweza kujua kiasi gani: chukua volti za betri, toa ulichosoma, gawanya kwa ulichosoma, zidisha kwa ohmu za mita. Mita nyingi ni mega 10, kwa hiyo ukisoma volti 3 kapasita inavuja kwa mega 20. Ndiyo hiyohiyo iliyounguza transfoma hapo juu, na kwenye ohmu ingekupita. Ila vile vimita vidogo vya bei rahisi huwa mega 1 tu. Cha kwako kijaribu kwa kukiunganisha na betri kupitia rezista ya mega 1: kikisoma kama 8.2 ni mega 10, kikisoma nusu ya betri ni mega 1.

Kapasita ikifeli kwa volti 9, tupa. Ikifaulu, bado hujamaliza, kwa sababu karatasi mbovu huvuja zaidi volti zikipanda. Betri tano zikiunganishwa zinakupa 45, na hapo kadhaa zilizofaulu zitaanguka. Lakini nikueleze nifanyavyo mimi: kapasita ya nta siirudishi kwenye redio ya mtu. Nazipima ili nijifunze zilivyo, halafu nafunga ya plastiki ya volti 630. Za maika, zile bapa za kahawia, ziache, kwa kawaida bado ni nzima. Ukikuta kapasita imeandikwa "mF" au "MFD" katika vitu vya enzi hiyo, ni mikrofaradi.

Zile za elektroliti, makopo ya alumini, zikaukavyo hupoteza uwezo. Iliyovimba au kutoa majimaji chini haina haja ya kipimo. Usishangae kipimo cha kapasita kikisema mikrofaradi nyingi kuliko zilizoandikwa: mara nyingi ni uvujaji unaokidanganya, si baraka.

Rezista zisizo na mistari zinasomwa kwa rangi: mwili ni namba ya kwanza, ncha ni namba ya pili, kisha doa, ambalo ni idadi ya sifuri. Mwili wa kijani, ncha ya kahawia, doa la njano: 5, 1, sifuri nne, yaani 510K. Usipoona doa, halikusahauliwa. Lina rangi moja na mwili. Rezista nyekundu tupu, mwili, ncha na doa, ni ohmu 2200. Za kaboni za zamani hupanda thamani kadiri zinavyozeeka, na kubwa kubwa ndizo hupanda zaidi. Iliyopita asilimia 20 juu ya iliyoandikwa, weka pembeni.

Valvu, tazama kwanza lile doa la fedha linalong'aa ndani ya kioo. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, hakuna la kupima. Likiwa bado linang'aa, pima waya wa kupasha: EL84 ni pini 4 na 5, na ikiwa baridi utasoma ohmu chache sana. DK96 zishike kwa adabu. Waya wake umekusudiwa miliampea 25, na mita ya mshale kwenye ohmu za chini inaweza kusukuma zaidi ya hapo mara kadhaa. Tumia ya kidijitali, na kamwe usijaribu kuiwasha kwa betri ya volti 9. Kuwa na waya mzima hakumaanishi valvu bado ina nguvu. Hilo litajulikana ikiwa kazini tu.

Ukikuta kitu chenye mabamba ya mraba yaliyopangwa kwenye msumari mmoja, hiyo ni rektifaya (kigeuza umeme kuwa wa upande mmoja) ya seleni. Ikiungua inatoa harufu mbaya sana na moshi wake ni sumu. Usiitumie tena. Dayodi ya 1N4007 inachukua nafasi yake, ila weka rezista kwa mfululizo, kwa kuwa seleni ilikuwa inapoteza volti nyingi kuliko dayodi hiyo na redio itapata umeme uliozidi.

Swali hukuliuliza lakini nalijua linakuja: ndiyo, vipo vinavyouzika. Wapiga gitaa wa nje bado wanatafuta jerumani, kwa sababu kifaa cha kukwaruza sauti ya gitaa kiitwacho Fuzz Face, cha mwaka 1966, kilitumia transista hizo. Wanalipia zilizopimwa, zenye ukuzaji wa kati ya 70 na 130 na uvujaji mdogo, si kopo zima la kubahatisha. Kwa hiyo ile karatasi ya namba za asubuhi itunze.

Sasa redio. Soma valvu zake kwanza, ikiwa haijachomekwa. Ukiona U nyingi, UCH81, UL84, UY85, chasisi yenyewe inaweza kuwa na umeme wa ukutani, na hiyo mpelekee fundi mwenye transfoma ya kutenganisha. Usiiguse peke yako. Ikiwa ni za E, na nyuma kuna kibao cha kuchagua volti, kiweke kwenye namba iliyo karibu na 240. Badilisha kapasita ya gridi ya EL84 hata kama inaonekana mpya. Kisha unganisha redio kwa mfululizo na balbu ya zamani ya waya, wati 60. Balbu iwake kwa nguvu kisha ififie: endelea. Ikibaki inang'aa kabisa, kuna shoti, zima.

Kila unapozima, subiri, kisha gusisha rezista ya 10K yenye wati kadhaa juu ya kapasita kubwa kwa sekunde tano, na uhakikishe kwa mita kwamba volti zimeisha kabla hujaingiza mkono.

Ikitulia, waya mweusi wa mita kwenye chasisi, mwekundu kwenye pini namba 2 ya EL84, ndiyo ya gridi. Inatakiwa usome sifuri. Ukisoma volti chanya, zima, maliza umeme kwenye kapasita, ng'oa hiyo EL84, washa tena kwa muda mfupi, upime kitundu hichohicho. Volti ikiwa bado ipo, kapasita uliyofunga inavuja au umeiunganisha mahali pasipo pake. Ikiwa imetoweka, tatizo ni valvu yenyewe, na hapo ndipo utachukua nyingine katika zile za mjomba.